Mhojiwa wa Saba

Bwenini, 3 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Ukiona bahasha imevimba usishtuke, si mashuka ya kufua. Ni sura tatu za kwanza za utafiti wangu, kwa ule mwandiko wangu unaosema ni wa kuku aliyekanyaga wino. Nimezituma kwa basi kama tulivyokubaliana. Kompyuta yangu imekufa kabisa, na za chuo zina foleni inayoanzia mlangoni. Uliniahidi mbele ya mama kwamba utanichapia na kunijalidia kwa mikono yako, na mimi nimekushika kwa maneno yako.

Mada naiandika tena hapa, usije ukasema sikukwambia: Kelele za Mitambo, Upotevu wa Usikivu kwa Wafumaji wa Nguo, na Athari Zake Nyumbani. Nimehoji watu kumi na wawili katika kiwanda kimoja. Huo ndio mwaka wangu wote.

Humo ndani pia kuna mwongozo wa chuo wa namna ya kunukuu na kupanga marejeleo. Usome kabla hujagusa kitu. Msimamizi wangu ni mama mmoja mpole wa sura, lakini kwenye marejeleo hana mzaha hata kidogo. Mwaka jana alimrudishia mwanafunzi kazi nzima kwa ajili ya nukta. Tarehe ya mwisho ni 30 Juni, saa sita mchana. Nisipowasilisha narudia mwaka, na ile nafasi ya kukagua afya viwandani niliyoahidiwa anapewa mwingine.

Mwambie mama nakula vizuri. Kazi usimwonyeshe kwanza. Nataka aione ikiwa na jalada.

Wako,
Chiriku


Dukani, 9 Mei

Chiriku, mpwa wangu,

Marahaba. Bahasha imefika, na kuku wako pia. Nimeshachapa sura mbili na nusu.

Mwongozo wenu nimeusoma mara mbili, nikiwa nimesimama, maana nikikaa nasinzia. Nani aliuandika? Nukuu ikizidi maneno arobaini inasogezwa ndani na kuvuliwa alama za kunukuu. Jina la ukoo kwanza, herufi moja ya jina lake, mwaka kwenye mabano, kisha jina la kitabu kwa herufi za mlazo. Mstari wa kwanza unagusa pambizo, unaofuata unaingia ndani. Miaka tisa hii nimechapa kadi za harusi, katiba za vikundi na barua za kuomba kazi, sijawahi kuona karatasi inayomshuku mwandishi wake namna hii. Nimeipenda.

Utaratibu wangu ni huu. Naweka rula chini ya mstari. Nikikuta umemtaja mtu, naenda nyuma kwenye orodha ya marejeleo, nikimkuta nampa alama ya penseli nyekundu huku na kule. Asiye na mwenzake namzungushia duara. Mpaka sasa una maduara manne. Wawili umewanukuu lakini kwenye orodha hawamo. Mmoja yumo kwenye orodha na hajanukuliwa popote, kaja kujaza nafasi tu. Wa nne umempa miaka miwili, 2009 na 2011, chagua mmoja.

Halafu kuna hawa wahojiwa wako. Mhojiwa wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa Kumi na Mbili. Hawana majina, hawana mwaka, na kwenye orodha hawamo kabisa. Hao ni watu au ni viti vya ukumbini? Niletee majina niwapange kwa alfabeti.

Na ujue sheria ya duka. Sijalidi kitu mpaka mwenye maneno aweke sahihi kwenye ukurasa wa majaribio. Tangu siku ile nilipochapa kadi mia mbili za harusi zenye jina la dada wa bibi harusi, simwamini mtu, hata mimi mwenyewe.

Mama yako hajambo. Asubuhi anakaa nami dukani, anapanga karatasi na kuniuliza mwanaye anamaliza lini. Bidii umeirithi kwake. Ila ukiitwa uitike haraka, usije ukawa kama yule baba yako, mtu wa kutia pamba masikioni na kuwatazama watu kama ukuta. Kiburi chake kilitosha ukoo mzima.

Mjomba wako


Maktaba, 15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kurudufu, mwandiko ukiyumba msamehe kuku.

Maduara yako nimeyashughulikia. Mwaka ni 2011. Yule aliyekuja kujaza nafasi mfukuze. Wale wawili nimekuandikia majina yao kwenye karatasi ya njano.

Lakini wahojiwa waache na namba zao. Kwanza niliwaahidi. Kila mmoja alitia sahihi kwenye fomu kwamba jina lake halitaonekana. Pili ndiyo kanuni yenyewe, ukurasa wa tisa wa mwongozo: orodha ya marejeleo ni ya vitu ambavyo msomaji anaweza kwenda kuvitafuta akavipata. Kitabu kipo maktaba. Mtu aliyekaa na mimi kwenye benchi nyuma ya ghala akaniambia mambo yake, msomaji atamkuta wapi? Anabaki ndani ya maandishi tu, na kwenye orodha haingii. Usimzungushie duara.

Sura ya nne na ya tano zimo humu. Ya nne ndiyo moyo wa kazi, hapo wafumaji wanaeleza yaliyotokea nyumbani kwao baada ya masikio kuharibika. Ya tano imesimama juu yake. Naomba uichape wewe mwenyewe. Mama asiisome bado.

Halafu, Mjomba, hilo la baba liache. Tafadhali.

Siku hizi situlii. Naanza kula, nasimama. Nafungua kitabu, nakifunga, nakifungua kile kile. Wenzangu wa chumbani wameniomba niwe natembea nje kwa sababu nawatia kizunguzungu.

Chiriku


Dukani, 29 Mei

Chiriku,

Sura ya nne na ya tano hizi hapa. Samahani kwa kuchelewa. Mashine ilisumbua, macho nayo yakasumbua.

Mahali fulani kwenye sura ya nne nimepunguza. Palikuwa na maelezo marefu ya mtu mmoja yasiyo na chanzo kwenye orodha, na mwongozo wenu unasema wazi, ukurasa wa tatu, kwamba kila kilichonukuliwa lazima kiwe na mwenzake nyuma. Isitoshe yalikuwa mambo ya nyumbani kwa mtu, hayahusu mitambo. Namba za kurasa nimezipanga upya, na Yaliyomo nimeyarekebisha. Hutaona pengo.

Weka sahihi, nirudishie, nijalidi, tumalize.

Mama yako anakusalimu. Nimemwambia sura ya nne ni takwimu tupu.

Mchapaji wako


Bwenini, 4 Juni

Mjomba,

Shikamoo, maana mama hakunilea nianze barua bila salamu.

Pengo nimeliona. Kutoka kwa Mhojiwa wa Sita unaruka mpaka wa Nane. Na sura ya tano inasema "kama alivyoeleza Mhojiwa wa Saba" mara tano, wakati yeye mwenyewe hayupo popote. Ulimfuta kwenye sura moja ukamsahau kwenye nyingine. Wewe, mtu wa rula! Hapo ndipo nilipojua kwamba haikuwa bahati mbaya.

Kanuni nilikuandikia neno kwa neno. Usijifiche nyuma ya ukurasa wa tatu. Haya hapa maneno yake tena, kutoka kwenye daftari langu:

Nilikuwa mtambo wa nne kutoka mlangoni kwa miaka kumi na moja. Sauti hazikuzimika siku moja, zilipungua kama betri ya redio. Sikumwambia mtu, maana aliyejulikana alitolewa kwenye mtambo. Siku shemeji yangu alipofungua duka lake nilikuwa nimempa mgongo, nanyoosha kitambaa cha meza. Naambiwa aliniita mara tatu mbele ya wageni. Nilipogeuka nikaona watu wote wananitazama. Nikadhani nina doa kwenye shati, nikacheka. Tangu siku hiyo nikawa mtu mwenye dharau. Mwezi uliofuata nikaondoka. Niliona heri niitwe mwenye kiburi kuliko kiziwi.

Ndiyo, Mjomba. Ni baba. Wala sikumtafuta, nilidhani kiwanda alikiacha zamani. Karani wa kiwanda alinipa orodha ya watu kumi na wawili, na wa saba alikuwa mfagiaji wa uwanja. Karani alimwita kwa jina lake lote, mara mbili, kutoka hatua tano. Akaendelea kufagia. Karani akaniambia, huyu mzee ni jeuri, mguse begani. Nikamgusa begani.

Nilikuwa na maswali ishirini na mawili. Ilibidi nimwandikie moja moja kwenye karatasi, na yeye akanijibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa mno, mpaka njiwa wa kwenye paa wakaruka. Swali la kumi na tisa linauliza athari kwa familia. Alilisoma, akanitazama, akasema, "Hili si unalijua?" Kisha akajibu.

Msimamizi wangu anajua. Amesema nitaje kwenye sura ya tatu kwamba mhojiwa mmoja ni ndugu wa mtafiti, bila kusema ni yupi. Na amesema bila Mhojiwa wa Saba sura ya tano haina miguu, na kazi haipiti.

Kosa langu nalo nalikiri. Ningeweza kupanga foleni hapa chuoni kama wenzangu. Nilikutumia wewe kwa sababu nilitaka uisome nikiwa mbali. Niliogopa kukutazama usoni. Nina hasira na wewe na nina hasira na mimi. Miaka tisa mmemwita mwenye kiburi mezani, na mimi nilikuwa naitikia huku natafuna.

Rudisha ukurasa wa 41, ule wenye maneno yake. Zimebaki siku ishirini na sita.

Chiriku


Dukani, 12 Juni

Chiriku,

Hii ni barua ya nne. Tatu zimo kwenye kapu la taka. Ya kwanza nilikueleza kwamba mtu akiumwa masikio husema. Ya pili nilikuuliza kwa nini hukunionya. Ya tatu ilikuwa na salamu tu, nikakwama.

Nilimtambua kwenye mstari wa kwanza, pale anapouhesabu mtambo wake kutoka mlangoni. Alikuwa akiutaja mtambo ule kama wengine wanavyotaja gari lao. Nikaendelea kuchapa kwa sababu vidole vilikuwa vimeshachanganya mwendo. Nilipofika kwenye duka nikaacha. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimepoteza funguo. Kisha nikakaa nikafuta aya nzima kwa kubonyeza kitufe kimoja. Siku hizi kufuta ni rahisi mno. Enzi za taipureta ningelazimika kuchapa ukurasa wote upya, na labda katikati ningepata muda wa kuona aibu.

Nimemsomea mama yako. Nilikusudia kusoma polepole, nikajikuta nasoma mbio. Alikuwa anapanga karatasi za rangi. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu. Alisema, "Tulipokuwa tunakaa kwako, nilimwuliza kama bado ananitaka. Nilimwuliza gizani, kwa sauti ya chini, ili wewe wa chumba cha pili usisikie. Akanyamaza. Kwa hiyo hakunisikia?" Akaziacha karatasi, akavaa viatu, akaenda nyumbani. Leo siku ya nne hajaja dukani. Chakula ananiletea, anakiweka kaunta, anaondoka.

Mimi ndiye niliyemwambia amwache aende. Nilimwambia mwanamume mwenye dharau habembelezwi. Nilimwona adui wa nyumba yangu, Chiriku, kumbe alikuwa mtu wa kuguswa begani tu. Nimekosa. Nimekukosea wewe, nimemkosea mama yako, na nimemkosea yeye kuliko wote.

Ukurasa wa 41 nimeurudisha. Nukuu imezidi maneno arobaini, kwa hiyo nimeisogeza ndani na kuivua alama. Lakini sijalidi. Mwenye maneno haya hajaweka sahihi kwenye ukurasa wa majaribio. Najua unayo fomu yake. Fomu ni ya chuo. Mimi niliyafuta maneno ya mtu, siwezi kuyarudisha kimyakimya kama vile sikuyagusa. Ayaone kwanza. Nipe anwani yake.

Mjomba wako


Bwenini, 16 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Siku kumi na nne! Unajua siku kumi na nne ni nini? Ni bahasha kwenda, bahasha kurudi, na basi moja likiharibika njiani nimekwisha.

Anwani sikupi, niliahidi. Leta bahasha nitaipeleka mwenyewe. Lakini ujue unachokichezea. Ile fomu inampa haki ya kujitoa wakati wowote. Akiuona mwandiko wako akabadili nia, akasema futa, nitafuta, na mwakani nitakaa darasa moja na walionikuta hapa. Simu hawezi kuipokea, kwa hiyo hata kumwandaa siwezi. Nitamtokea tu na karatasi mkononi, kama ile siku ya kwanza.

Ningeweza kukukatalia. Nimejaribu kuandika "nakataa" mara mbili na mkono haukutaka. Roho iko juu, Mjomba. Fanya haraka.

Mama hapokei simu zangu. Mwambie nampenda, kwa sauti ya kusikika.

Chiriku


Dukani, 18 Juni

Shemeji,

Sijui mtu anasalimiwaje baada ya miaka tisa, kwa hiyo nakusalimu kama zamani. Habari za kazi?

Nakuandikia kwa mkono, mimi ambaye hata orodha ya sokoni naichapa. Binti yako aliniletea maneno yako niyachape, nikayafuta. Kisha nikayarudisha. Ukurasa wa 41 ulio na barua hii ndio wenyewe. Usome. Ukiona nimekosea, hata nukta, weka alama ya penseli. Ukiona ni sawa, weka sahihi yako pale chini, jina si lazima, alama yoyote inatosha. Ukiona hutaki yatoke, piga mstari ukurasa mzima. Binti atarudia mwaka, na lawama itakuwa yangu, si yako.

Kosa moja nimeliona mimi mwenyewe na siwezi kulinyamazia. Umesema unaambiwa nilikuita mara tatu. Nilifungua mdomo mara nne. Ulipogeuka ukacheka, hasira zilikuwa zimeshanipanda, wageni wananitazama, na duka jipya, na suti ya kuazima. Nikakukazia macho, nikamwambia dada yangu, "Mtoe nje huyu mzigo wako."

Wageni walisikia. Dada alisikia. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, amesimama kando na sinia la glasi. Hajawahi kuniuliza. Wewe hukusikia, na tangu nisome maneno yako nimekuwa nikishukuru kwamba hukusikia, halafu naona aibu kwa kushukuru. Neno hilo likitakiwa liingie mahali pake, nitalichapa mimi, na jina langu nitaliweka wazi.

Nisamehe, shemeji. Sijui namna ya kuliandika hilo kwa urefu.

Shemeji yako wa dukani


Kituo cha basi, 23 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Ukurasa wa 41 huu hapa, una sahihi! Jalidi leo hii, nakuomba, nakala tatu, na uzitume kwa basi la kwanza.

Nilimkuta uwanjani jana. Barua yako aliisoma amesimama, ufagio umeegemea bega lake. Alipomaliza akairudia tangu mwanzo. Kisha akaenda bombani akanawa mikono, akaikausha kwenye suruali, ndipo akaushika ukurasa. Akaniomba penseli. Mimi muda huo nilikuwa nahesabu matofali ya ukuta, nimefika mia na kitu.

Amekurekebisha mahali pamoja. Si mtambo wa nne, ni wa tano. Anasema kosa ni lake, siku ile alihesabu kuanzia mlango mpya na wakati wake haukuwepo. Nami nimesharekebisha kwenye daftari langu.

Nilimwandikia kumwuliza barua yako ina nini. Akanijibu kwa ile sauti yake, uwanja mzima ukasikia, "Mambo ya wakubwa!" Akaikunja akaitia mfuko wa ndani. Anasema atakujibu mwenyewe na asiharakishwe.

Mama amepokea simu hatimaye. Ameuliza kama baba amekonda. Nimesema kidogo. Akauliza shati lake linafuliwa na nani. Nikasema sijui, na simu ikakatika, au aliikata.

Basi linapakia, naikimbiza hii bahasha kwa dereva.

Chiriku


Nyuma ya kiwanda, 5 Julai

Shemeji,

Kazi ipo. Uwanja naumaliza saa nne asubuhi, upepo unaurudishia majani, naanza upya. Hainisumbui.

Binti alipita hapa Jumapili. Kazi yake imepokelewa, dakika kumi kabla ya saa sita, anasema alipanda ngazi za chuo huku amevua viatu. Msimamizi wake amekagua marejeleo yote akatafuta kosa akakosa. Amenionyesha jalada. Bluu, na herufi zimenyooka. Umekuwa fundi kweli. Ukurasa wangu nimeusoma nikiwa nimeketi, na niliutazama muda mrefu. Sikuwahi kuona maneno yangu yamechapwa.

Sasa hiyo mara ya nne.

Unadhani haikunifika. Shemeji, kwenye banda la kufuma hakuna anayesikia, hata wenye masikio mazima. Tulikuwa tunazungumza kwa midomo, mtambo hadi mtambo, tunataniana, tunagombana, tunapeana habari za wagonjwa. Mwaka mmoja tu unatosha kujifunza maneno ya kila siku, si maswali marefu ya chuo. Wewe ulikuwa hatua nne mbele yangu na mwanga wa dirisha ulikuwa unakupiga usoni. Mzigo ni neno jepesi kulisoma. Midomo inafumba, kisha inaviringika. Nililiona lote. Zile mara tatu niliambiwa na mke wangu baadaye, akiwa amekasirika. Ya nne ndiyo pekee iliyonifika.

Nilikaa mwezi mzima natafuta namna ya kuondoka bila mtu kujua ni kwa ajili yake. Ukinywea unaulizwa kwa nini, na mimi sikutaka kuulizwa. Nikainua kichwa, nikatoka nimeinua kichwa. Hilo la kiburi nilikusaidia kulitengeneza.

Kwa binti nilitaja tatu kwa sababu ya nne ni neno lako na sikuwa na ruhusa yako. Lisiingie kwenye kitabu cha mtoto. Kama alilisikia siku ile, na yeye hajanitajia, basi, pamoja na mama yake, sote wanne tumelificha kila mtu kivyake.

Hasira nilikuwa nayo. Miaka mingi nimekujibu huku nafagia, na nadhani nilikujibu kwa sauti, maana watu walikuwa wanageuka. Imepungua. Haijaisha, nakwambia kweli, usije ukadhani karatasi moja imemaliza.

Lakini umeandika kwamba umenikosea, nami nimesoma, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Njoo. Ijumaa sina zamu. Chumba changu ni cha mwisho kwenye safu ya nyuma, mlango wa kijani. Dada yako akitaka kuja naye aje. Mwambie asinong'one, na akae upande wa dirisha.

Na mkifika msipige hodi, sitasikia. Ingieni tu.

Shemeji yako